Binti za Kiislamu katika Shule ya Mayahudi

 

Katika mji wa Kolkata, Bara Hindi, iko shule ya sekondari ya wasichana ambayo kila tuliyemsimulia habari zake alituomba tuyarudie maneno, akidhani masikio yamemdanganya. Iko barabara ya Park Street, na jina lake ni Jewish Girls' School, yaani Shule ya Wasichana wa Kiyahudi. Ilianzishwa mwaka 1881. Beji yake ina nyota ya Daudi, ile ya pembe sita. Na wasichana wanaoingia langoni kwake kila asubuhi, zaidi ya wanane katika kila kumi, ni Waislamu. Mwanafunzi Myahudi hajaonekana humo kwa miongo mingi. Mwalimu mkuu wake wa miaka ya karibuni amekuwa mama wa Kiislamu.

Tunajua namna neno "Myahudi" linavyoingia masikioni mwa wasomaji wetu siku hizi. Tumesimama pamoja nanyi misikitini tukiwaombea watu wa Ghaza, na dua hiyo hatujaiacha wala hatutaiacha kwa sababu ya makala hii. Lakini Qur'ani iliyotufunza kuchukia dhulma ndiyo hiyo hiyo iliyotufunza kutowatia watu wote kapu moja. Katika Sura ya Aal-Imran Mwenyezi Mungu ametaja kwamba miongoni mwa Watu wa Kitabu yupo ambaye ukimwekea mali nyingi atakurudishia, na yupo ambaye hata dinari moja hakurudishii mpaka umsimamie. Wanachuoni wetu wameisoma aya hiyo katika mlango wa amana. Nasi tunataka kuizungumza shule ya Kolkata katika mlango huo huo, kwani amana kubwa kuliko dinari ni binti wa mtu.

Tuanze na wenyewe waliokuwa nayo. Mayahudi wa Kolkata hawakuwa Wazungu. Walikuwa watu wa Baghdad, Basra na Halab, wakisema Kiarabu majumbani mwao, wakala vyakula ambavyo bibi yeyote wa Mji wa Kale angevitambua kwa harufu. Wa kwanza wao kutajwa, Shalom Cohen wa Halab, aliwasili mwaka 1798, na waliomfuata walifanya biashara ya nili, hariri na, hatulifichi, afyuni. Kwa hakika safari yao haikutofautiana sana na ya Mahadhrami na Waomani waliotia nanga Mombasa na Lamu: mtu anatoka na kasha moja, anafika ugenini, anamtafuta wa kabila lake, kisha akipata anajenga mahali pa kusalia. Walijenga masinagogi makubwa matatu. Halafu wakakutana na tatizo ambalo sisi wa pwani twalijua vizuri.

Tatizo hilo lilikuwa shule za wamisionari. Binti za Kiyahudi walikuwa wakienda kusoma huko, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na elimu ya kisasa, na wazee wakaanza kuogopa kuwa watoto watarudi na vyeti bila dini. Khofu hiyo ndiyo iliyozaa shule ya 1881. Mtu aliyesoma historia ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, ataona jambo moja limepita bahari mbili. Yeye alikuwa akiandika katika gazeti lake la Al-Islah, mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wasomeshe watoto wao, wake kwa waume, na wasingoje kusomeshewa na wengine. Madrasa ya al-Ghazali pale Mombasa ni tunda la fikra hizo. Mayahudi wa Kolkata walifikiri hivyo hivyo miaka hamsini kabla yake: ikiwa unaogopea imani ya mwanao, usimfungie ndani, mjengee shule.

Wala haikuwa shule ya kushona na kupika tu. Kati ya walioiongoza alikuwamo bibi aitwaye Regina Guha, ambaye kisa chake kinastahiki kusimuliwa mbele ya binti zetu. Alikuwa na shahada ya uzamili ya Kiingereza na shahada ya sheria za Chuo Kikuu cha Kalkuta. Mwaka 1916 aliomba asajiliwe kuwa wakili. Mahakama Kuu ya Kalkuta ikamkatalia, kwa hoja kwamba neno "mtu" lililoandikwa katika sheria ya mawakili halikumkusudia mwanamke. Mwanamke aliyeambiwa na majaji kuwa yeye si "mtu" mbele ya sheria ile ndiye aliyekuwa Myahudi wa kwanza kushika uongozi wa shule hii. Alifariki angali kijana, na hakuishi kuiona sheria ya 1923 iliyowafungulia wanawake wa Bara Hindi mlango wa uwakili. Ila chuo kikuu kile kina medali yenye jina lake mpaka leo.

Wengi hudhani shule humjenga mtoto kwa vitabu na maabara. Hivyo ni muhimu, hatukatai. Lakini msichana wa miaka 13 husoma kitu kingine kabla ya kitabu: humtazama yule aliyekaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Akimwona mwanamke aliyesoma, mwenye heshima, anayesikilizwa na wazazi wa kiume wakiwa wamekaa kwa adabu, huwa amekwisha kuambiwa jambo ambalo hakuna mhadhara utakaolizidi. Baada ya Guha walikuja wengine, na mashuhuri kuliko wote ni Bi Ramah Luddy, aliyeshika usukani tangu mwaka 1929 na kukaa kwa miongo kadhaa. Wazee wa Kiyahudi wa Kolkata waliotawanyika duniani, popote walipo, wakitaja utoto wao humtaja yeye. Kisha leo hii, katika kiti kile kile, akaja kukaa mama wa Kiislamu. Binti wa Kiislamu akipita mbele ya mlango ule humwona mtu anayefanana na shangazi yake.

Ilikuwaje basi Mayahudi wakatoka na Waislamu wakaingia? Zama za Vita vya Pili vya Dunia, wakimbizi kutoka Burma walipoongezeka, Mayahudi wa Kolkata walikuwa kati ya 4,000 na 5,000. Kisha yakaja mauaji ya Wahindu na Waislamu katika mitaa ya Kolkata mwezi Agosti 1946, ikaja kugawanywa kwa Bara Hindi mwaka 1947, na mwaka uliofuata ikatangazwa dola ya Israeli. Familia moja baada ya moja zikafunga makasha: huyu London, huyu Australia, huyu Israeli. Leo waliobaki hawafiki thelathini, aghalabu wazee. Masinagogi yangalipo, na wanaoyafagia na kuyafungua milango ni Waislamu ambao baba zao na babu zao walifanya kazi hiyo hiyo.

Shule ikabaki na madawati yasiyo na watoto. Wadhamini wake walikuwa na njia nyingi mbele yao. Park Street si mtaa wa maskini, na kiwanja kama kile kingeuzwa kwa mali isiyohesabika. Sisi tunajua, na hatutataja majina, yaliyowapata wakfu fulani wa pwani yetu baada ya wenyewe kufa au kuhama: palipokuwa na madrasa pakawa na maduka ya simu. Wao waliacha mlango wazi. Waliingia wasichana wa kila dini, na kwa kuwa Waislamu ndio waliokuwa wengi wenye haja mitaa ya karibu, Waislamu ndio waliojaa. Shule ya wavulana wa jamaa hiyo, Elias Meyer, iliyopo mtaa wa Bowbazar, nayo ilikwenda njia hiyo hiyo.

Na haja ilikuwa kubwa kweli. Mwaka 2006 kamati iliyoongozwa na Jaji Rajinder Sachar ilichunguza hali ya Waislamu wa India kwa amri ya serikali. Ilikuta kwamba robo ya watoto wa Kiislamu wa miaka 6 hadi 14 ama hawajapata kuingia darasani ama wameacha shule. Hesabu ya watu ya 2001 ilikuwa imeonyesha kuwa ni nusu tu ya wanawake wa Kiislamu waliojua kusoma na kuandika. Na kamati ile ikavunja dhana moja iliyozoeleka: watu husema Waislamu hubaki nyuma kwa sababu huwapeleka watoto madrasa badala ya shule. Ikaonekana wanaosoma madrasa peke yake ni kama watatu tu katika kila mia. Wengine waliobaki nyuma, kilichowakosesha ni shule yenyewe kutokuwepo karibu, au ada, au wazazi kutokuona faida.

Atasema msomaji: na Waislamu wa Kolkata wenyewe, hawakujenga? Walijenga. Bibi Rokeya Sakhawat Hossain, mjane wa Kiislamu, alifungua shule ya wasichana katika mji huo huo mwezi Machi 1911 kwa mali aliyoachiwa na mumewe, akiwa na wanafunzi wanane. Ili wazee wakubali, ilibidi watoto wachukuliwe kwa gari lililofunikwa kila upande, hata joto likawazimisha wengine njiani. Alihangaika nayo mpaka alipofariki mwaka 1932, na shule yake ipo hadi leo, chini ya serikali. Lakini shule moja haiutoshi mji. Wazazi wa Kiislamu walioshindwa kupata nafasi huko, wakaiona shule nyingine ya wasichana watupu, yenye nidhamu, yenye jina la dini nyingine, wakasimama langoni wakajiuliza: tutie mguu au tusitie?

Walitia, kwa kuwa waliona nini kinachodaiwa mle ndani na nini kisichodaiwa. Kinachodaiwa ni masomo, usafi, kuwahi, na adabu. Dini ya Kiyahudi hawafundishwi. Hakuna anayewaambia kuwa imani ya mama yao ni ya watu wasiostaarabika. Wengi wao hawajapata kumwona Myahudi kwa macho yao. Wanachokijua juu ya Mayahudi ni kuwa hao ndio waliowaachia shule. Wanavaa ile nyota kifuani kama beji ya shule, wanakwenda, wanafanya mitihani, wanarudi kwao kusali Laasiri.

Hapa ndipo kiini cha msaada wa shule kwa maisha ya baadaye ya mtoto. Msaada mwingi wa dunia una bei iliyofichwa. Unapewa chakula, kisha unaulizwa jina lako la ubatizo litakuwa lipi. Mtoto mwenye akili huihisi bei hiyo kabla mzazi hajaihisi, na tangu siku hiyo nusu ya akili yake huenda katika kujilinda. Anaficha rozari ya mamake au tasbihi ya babake, kwa kutegemea yuko wapi. Anajifunza kusema maneno mawili, moja la shuleni na moja la nyumbani. Nusu iliyobaki ndiyo anayofanyia hesabu. Lakini mtoto asiyekuwa na lolote la kuficha huingia darasani na akili yake nzima. Hatuhitaji mtaalamu atueleze ni yupi kati yao atakayefika chuo kikuu.

Mambo haya si ya Kolkata peke yake. Mwaka jana, baada ya darsa ya akina mama, alibaki dada mmoja akitaka kusema nasi faraghani. Akasema, "Sheikh, binti yangu amechaguliwa shule nzuri ya bweni, huko bara. Wafadhili wake ni kanisa. Babake amekataa katakata, anasema heri akae nyumbani. Nami naogopa akikaa nyumbani ataolewa kabla ya kidato cha pili." Tulimuuliza, "Dada yangu, baba watoto amekwisha kufika shuleni hapo?" Akasema hajafika. "Na wewe?" Naye hajafika. Basi walikuwa wakigombana juu ya mahali ambapo hakuna kati yao aliyepaona.

Tuliwaita wote wawili siku nyingine, na hatukumwambia mzee yule kuwa amekosea, kwani khofu yake ina asili. Wazee wetu waliona watoto wakibadilishwa majina. Na hivi karibuni tu kesi ya hijabu katika shule zilizofadhiliwa na kanisa ilikwenda ngazi zote za mahakama: mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki wasichana wa Kiislamu, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu za kiutaratibu, jambo likabaki mikononi mwa shule na wizara. Mzazi anayeuliza si mjinga. Ila tulimwonyesha kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inapotaja kazi za mfadhili wa shule, imempa ruhusa ya kulea roho za wanafunzi huku ikimtaka alinde dini za wasiokuwa wa madhehebu yake. Hiyo ni sheria ya nchi, si hisani ya mtu. Tukamwambia: nenda, kaa mbele ya mwalimu mkuu, muulize mwanangu atasali wapi, Ramadhani atakula daku kwa utaratibu gani, siku ya ibada ya kanisa yeye atakuwa wapi, na kichwa chake atakifunika vipi. Akikujibu kwa uwazi, umepata mtu wa kumwekea amana. Akikujibu kwa kuzungukazunguka, rudi na mwanao, nasi tutasaidiana kumtafutia pengine. Kumfungia nyumbani hakukuwemo katika mashauri yetu.

Walikwenda. Binti yupo kidato cha pili sasa, na chumba cha kusalia ni ghala la vitabu ambalo yeye na wenzake wanne hulifagia wenyewe.

Hata hivyo, ndugu zetu, kuna upande wa pili wa kisa cha Kolkata ambao hutuchoma zaidi, na ndio uliotufanya tukae kuandika. Sisi pia tuna shule. Katika pwani yetu zipo sekondari zilizojengwa na jumuiya za Kiislamu, na nyingine zimefaulu hata majirani wasiokuwa Waislamu huwaleta binti zao: Wagiriama, Wataita, Wakamba. Twajivunia jambo hilo. Lakini binti huyo wa Kikristo aliyeletwa na mama yake muuza nazi, je, naye ameingia na akili yake nzima? Au na yeye anaificha rozari chini ya godoro?

Tumewahi kumsikia mwalimu akisema kwa furaha kuwa msichana fulani Mkristo "karibu atasilimu", kana kwamba ndilo tokeo la mtihani. Tunaelewa furaha yake. Ni nani kati yetu asiyependa watu waongoke? Lakini dini yetu imekataza kulazimishana, na kulazimisha si lazima kuwe kwa fimbo. Kumnyima mtoto ufadhili, kumweka pembeni, kumfanya aone kuwa atapendwa zaidi akibadilika, hayo nayo ni mashinikizo. Da'wa ina milango yake mingi na mitukufu. Dawati la mtoto wa miaka 14 aliyeachwa kwetu na mzazi wake kwa amana si mojawapo. Yule baba Mwislamu wa bara angepiga kelele mpaka bungeni lau kanisa lingemfanyia binti yake hivyo, nasi tungepiga naye.

Kuna waliotuambia kuwa mfano wa Kolkata haufai, kwa kuwa Mayahudi wale walikuwa wamekwisha kwisha na hawakuwa na la kupoteza. Tumeifikiri hoja hiyo, na twaiona ina nusu ya ukweli. Ni kweli kuwa jamaa inayopungua huona mambo ambayo jamaa inayoongezeka haiyaoni. Lakini jamaa inayopungua pia hushikwa na uchungu. Ingeweza kusema, kama si watoto wetu basi wasiwe watoto wa mtu yeyote. Na jina hawakulifuta, wala nyota hawakuing'oa. Hawakujifanya si Mayahudi ili wapendwe na Waislamu, na hawakuwataka Waislamu wajifanye kitu kingine ili wasome.

Katika kamati ya sekondari moja ya jumuiya yetu, ambamo nasi tumo, tumeleta pendekezo kwamba wasichana wa Kikristo wa bweni wapewe ruhusa na mlezi wa kuwapeleka kanisani Jumapili asubuhi, na kwamba ruhusa hiyo iandikwe katika kanuni za shule ili mzazi aisome siku ya kumleta mtoto. Wajumbe wanne waliunga mkono, watatu walipinga, na mmoja ambaye ni mkubwa wetu kwa umri na elimu aliomba muda wa kufikiri. Alituuliza swali moja tu: huko Kolkata, wale wadhamini Mayahudi wanaobaki, wanapokwenda shuleni siku hizi, watoto huwaamkia vipi? Tukamwambia, kwa vyovyote vile watakuwa wakiwaamkia kama watoto wa shule wanavyowaamkia wakubwa wao. Akatikisa kichwa, akachukua bakora yake. Kikao cha pili kimewekwa Jumamosi ijayo, baada ya Sala ya Laasiri.